Jibu la Bwana Shamba: Bustani isiyohama juu ya mawe ya pwani

SWALI: Assalaam alaykum Bwana Shamba. Sisi ni kikundi cha akina mama kumi na wanane, upande wa Ghuba ya Chwaka, Unguja. Wengi wetu tulikuwa wakulima wa mwani, lakini siku hizi mwani unakufa mapema na bei haitutoshi. Kamati ya msitu ya shehia imetukubalia kutumia eka moja na nusu. Juu yake kuna msitu wa hifadhi, chini yake kuna mikoko. Masharti ni kwamba tusichome moto, tusikate miti, tusipige dawa za dukani za kuua wadudu. Mwaka jana tulipanda tungule (nyanya), karoti na maharage. Majani yakawa manjano, kisima kikaingia munyu ilipofika Februari, na kilichosalia wakakimaliza kima. Sasa kuna fundi anatwambia tuchimbe kisima kirefu na kuweka pampu ya sola. Na kuna bibi mmoja katika kikundi anasema wazee walilima hapo hapo bila kumwagia hata ndoo moja. Tumsikilize nani? (Msomaji, Wilaya ya Kati, Unguja)

JIBU: Wa alaykumu salaam dada yangu, na salamu kwa wenzio kumi na saba.

Nianze na fundi, maana hilo ndilo lisiloweza kungoja. Msichimbe kisima kirefu. Sina ugomvi na pampu ya sola, wala na fundi mwenyewe, ambaye huenda amechimba visima vizuri kwenye udongo mzito wa upande wa magharibi. Nyinyi lakini mpo juu ya jiwe la matumbawe, na maji yaliyo chini yenu hayakukaa kama maji ya tangi. Mvua ikinyesha, maji hupenya nyufa za jiwe mpaka yakutane na maji ya bahari, ambayo nayo yamejipenyeza kutoka pwani. Maji matamu ni mepesi kidogo, basi huelea juu ya yale ya chumvi kama mafuta ya nazi yanavyoelea juu ya mchuzi uliopoa. Karibu na pwani tabaka hilo ni jembamba, na huzidi unene kadiri unavyoingia ndani ya kisiwa. Kanuni yake imejulikana tangu mwisho wa karne ya 19: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Sasa igeuzeni kanuni hiyo. Mkivuta maji mpaka uso wake ushuke sentimita 10 tu na ukae hapo, chumvi iliyo chini inaelekea kupanda mita 4. Kwa hiyo kuchimba kirefu kunakusogezeni kwenye chumvi, na pampu yenye nguvu inaivuta chumvi hiyo ije juu.

Nayasema haya kwa sababu kosa hilo nililifanya mimi. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa sijatimiza miaka mitano kazini, nilikishauri kikundi kimoja cha pwani wachimbe kirefu na watie pampu. Msimu wa kwanza kila mtu alifurahi, tungule zilitoka kwa matenga. Kaskazi ya pili, yaani msimu wa joto wa Desemba mpaka Machi, maji yakaanza kuonjeka chumvi. Kaskazi ya tatu shamba likaachwa, na kisima cha jirani, ambacho wanawake wa mtaa ule walikuwa wakiteka maji ya kunywa, nacho kikawa cha kufulia tu. Tungule mtu atapanda nyingine. Maji ya kunywa ya mtaa mzima sikuweza kuyarudisha, na mpaka leo nikipita pale sipiti bila kuona aibu.

Kisima mlicho nacho, kifupi hivyo hivyo, ndicho chenu. Kitunzeni kwa kukijua. Nunueni kifaa cha kupimia chumvi ya maji, ni kidogo kama kalamu, hutiwa ndani ya gilasi ya maji na kutoa namba. Ulimi hautoshi kwa kazi hii. Chumvi inapoonjeka vizuri mdomoni, maharage na karoti zimeshaumia zamani. Namba hiyo husomwa kwa kipimo cha desisimensi kwa mita. Mwongozo wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ni huu: chini ya 0.7 maji yanafaa kwa mboga yoyote. Kati ya 0.7 na 3 yanafaa kwa uangalifu na kwa kuchagua mboga. Zaidi ya 3 msimwagie. Maji ya bahari yenyewe ni kama 50. Pimeni mara mbili kila mwezi, mara moja wakati wa bamvua (bahari inapojaa na kutoka sana) maji yakiwa yamejaa, na mara moja wakati wa maji mafu (bahari inapopanda na kushuka kidogo tu), kisha muandike kwenye daftari. Kisima cha pwani huenda na bahari, na mtu anayepima siku moja tu hudanganyika. Kipimo kikubwa kuliko vyote ni kile cha mwisho wa kaskazi, kabla masika haijaanza, maana hapo ndipo tabaka la maji matamu limekonda kabisa.

Mkiisha kuijua namba yenu, fanyeni hesabu ya maji kabla ya hesabu ya ardhi. Hapa ndipo vikundi vingi vinapokosea. Mmepewa eka moja na nusu, na moyo unataka kuilima yote ili kamati isije ikasema mmelala. Tazameni lakini. Siku ya jua kali mita moja ya mraba ya mboga hunywa kama lita 5. Tuta la mita 1 kwa mita 10 linataka lita 50, yaani ndoo mbili na nusu za lita 20. Mkilifunika vizuri kwa matandazo na kulitia kivuli chepesi cha makuti, ndoo mbili zitatosha. Matuta manane ni ndoo kumi na sita kwa siku, jambo ambalo kisima kifupi kinaweza kulibeba bila kuchoka, na watu kumi na wanane wanaweza kulifanya kwa zamu bila mtu kuvunjika mgongo. Eka nzima ni zaidi ya mita za mraba 4,000. Hiyo ni lita 20,000 kwa siku. Maji hayo hamna, na hayo ndiyo fundi anayotaka kuyatoa kwenye jiwe.

Basi wakati wa kiangazi limeni matuta manane, kumi mkizidi sana. Mvua zikiwapo, tandazeni zaidi kwa mazao yasiyotaka ndoo, nitayataja.

Maji ya mvua ndiyo ya kuongezea. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Kama skuli au msikiti ulio karibu una bati la mita 8 kwa 10, mvua ya milimita 100 inakupeni lita 8,000, na hata ukitoa moja ya tano iliyopotea njiani zinabaki 6,400. Ombeni ruhusa, wekeni mfereji na tangi la lita 10,000, ruhusuni mvua ya kwanza ioshe bati kabla ya kuanza kukinga. Maji hayo msiyamwage peke yake. Yachanganyeni na ya kisima nusu kwa nusu: kisima kikisoma 2, mchanganyiko utasoma 1, maana mvua haina chumvi ya kuhesabu. Kwa matuta manane, tangi moja lililochanganywa hivyo litakufikisheni karibu miezi miwili. Januari na Februari ndizo zilizokuvunjeni mwaka jana, na miezi miwili ndiyo hiyo.

Tena kumwagilia kwenyewe kuna adabu yake. Maji yenye chumvi kidogo yakimwagwa kidogo kidogo kila saa, maji hupaa na jua, chumvi hubaki juu kama ukoko mweupe. Mwagieni asubuhi mapema au baada ya alasiri, mwagieni kwenye shina, na mkimwagia mwagieni yaingie chini. Masika ikija itaosha iliyobaki.

Sasa majani ya manjano. Hukunieleza, lakini nadhani yalikuwa yale machanga ya juu, manjano huku mishipa ikibaki kijani. Kama ni hivyo, mmea ulikuwa na njaa ya chuma. Chuma kimo kwenye udongo wenu, tena kingi, ndiyo maana ule udongo mdogo ulio baina ya mawe ni mwekundu. Tatizo ni kwamba jiwe la matumbawe ni chokaa, na udongo uliokaa juu ya chokaa hufunga chuma, zinki na fosforasi, mizizi isiweze kuzichukua. Kwa hiyo naomba jambo moja ambalo litawashangaza bibi zetu: acheni kumwaga jivu bustanini. Jivu ni dawa nzuri kwenye udongo mchachu wa milimani. Kwenye uwanda na maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe kama yenu, ambako chokaa imezidi tayari, kila sufuria ya jivu inaufunga mlango zaidi. Wala msikubali kuuziwa chokaa ya shambani na mtu anayesema inaongeza rutuba.

Kinachoufungua mlango huo ni mboji. Takataka zilizooza hutoa asidi nyepesi zinazolegeza chuma na fosforasi, hushika maji, hulisha wadudu wadogo wa ardhini, na kwa kweli juu ya jiwe mboji ndiyo udongo wenyewe. Ndiyo maana nalipenda sana sharti la kamati yenu la kutochoma moto, na sitaki mlione kama mzigo. Mnajua kilimo cha asili cha maweni kilivyokuwa: mtu anafyeka kichaka, anachoma, anapanda kwenye majivu, mwaka wa kwanza mavuno mazuri, wa pili nusu, wa tatu anahamia kichaka kingine. Watu walipokuwa wachache kile cha nyuma kilipata miaka mingi ya kupumzika, kikarudi kuwa msitu. Leo mtu anarudi baada ya miaka michache akikuta mibaruti na jiwe. Moto humpa mkulima chakula cha mazao cha msimu mmoja na humchukulia majani yaliyooza ya miaka kumi. Msitu wa juu yenu utabaki ikiwa bustani yenu haitahama. Hiyo ndiyo kazi hasa mliyopewa, na mboga ni matunda yake.

Kwa hiyo mtahitaji mboji nyingi, na hapa pia tupige hesabu, maana "tieni mboji" ni neno rahisi kulisema. Tuta jipya la mita 10 za mraba linataka tabaka la sentimita 5. Hiyo ni lita 500, ndoo ishirini na tano. Chungu cha mboji, yaani lundo lake, cha mita moja na nusu kila upande na kimo cha mita moja na robo kitashuka kiwe nusu yake kikiiva, na kitatosha matuta mawili na ziada. Matuta manane ni vyungu vinne. Anzeni kuvijenga miezi mitatu kabla ya kupanda. Tabaka la majani makavu, tabaka la majani mabichi, tabaka la samadi ya ng'ombe au kuku, maji ya kulowesha tu, kisha kugeuza kila baada ya wiki mbili au tatu. Majani mabichi yasitoke kwenye msitu wa hifadhi. Pandeni gilirisidia na mronge kwenye mipaka ya shamba mkate matawi yake. Miti hiyo miwili inastahimili jiwe, gilirisidia huongeza naitrojeni, na majani ya mronge ni mboga yenyewe.

Mmebahatika mna vitu viwili ambavyo mkulima wa bara angevitamani. Cha kwanza ni makumbi ya nazi. Yakipondwa, vumbi lake hushika maji kama sifongo. Ila makumbi yaliyozikwa pwani kwa ajili ya usumba, zile nyuzi za kusokotea kamba, yamejaa chumvi, na hata yale ya nchi kavu yana chumvi yake. Yaloweke kwa maji ya mvua, mwaga, rudia mara mbili au tatu, ndipo uyatie. Cha pili ni mwani. Mwani mliovuna mkauona haufai kuuzwa, na ule unaokatika kwenye kamba zenu, usitupwe. Una potasiamu kwa wingi na huoza haraka. Uwekeni juu ya mawe mwanzo wa masika, upande wa chini ya shamba, mvua iuoshe wiki mbili tatu, kisha uingie kwenye chungu kwa tabaka nyembamba. Lakini msikusanye mwani na majani ya bahari yaliyoletwa ufukweni na mawimbi. Yale yanaushika mchanga usiliwe na maji, na yanalisha kaa na ndege. Cha bahari tukiachie bahari.

Matuta yenyewe yajengeni juu, msivunje jiwe kwenda chini. Mawe yaliyolala ovyo yapangeni kuwa kuta za kimo cha goti, ndani yake mjaze udongo mwekundu mliouokota kwenye mashimo pamoja na mboji. Kwa mazao makubwa kama boga, papai na mmumunye tafuteni mashimo ya asili, myapanue kidogo kwa mtaimbo, mtie mboji ndoo tatu kila shimo. Na juu ya yote, matandazo: makuti yaliyochakaa, majani ya migomba, majani ya gilirisidia. Kusiwe na udongo unaoliona jua.

Nini cha kupanda? Karoti na maharage yaacheni. Ni katika mboga dhaifu kabisa mbele ya chumvi: mavuno yake huanza kushuka chumvi ya udongo inapofika 1 kwa kile kipimo nilichokitaja, wakati tungule hustahimili mpaka 2.5 na bitiruti mpaka 4. Karoti za milima ya Usambara zitaendelea kuja soko la Mwanakwerekwe kwa boti, na hamtaweza kushindana nazo kwa bei wala kwa sura. Nyinyi mna neema ya kile kisichoweza kusafiri. Mchicha uliochumwa alfajiri ukafika sokoni au hotelini Paje saa mbili asubuhi hauna mpinzani anayetoka ng'ambo ya bahari. Basi uti wa mgongo wenu uwe majani: mchicha, ambao huvunwa wiki ya tatu au ya nne; majani ya kunde; matembele; mronge; mnavu. Ongezeni bamia wakati wa joto, na pilipili za aina zote. Na ipo mboga ya pwani, lile jani nene linalotambaa mchangani juu kidogo ya pale maji yanapofikia yakijaa. Wazee wakilichemsha na kumwaga maji ya kwanza. Lile hunywa chumvi kama sisi tunavyokunywa chai, na sioni kwa nini tuta moja la chini lisiwe lake.

Tungule hamkukosea kuzipenda, mlikosea wakati. Zipandeni kitaluni mwisho wa masika, zihamie tutani Juni, zikue kwenye kipupwe wakati hewa ni ya baridi kidogo na kisima kimejaa. Za kaskazi mtaziua kwa kiu na wadudu. Msirudishe tungule, biringani wala pilipili kwenye tuta lile lile kabla ya misimu mitatu, maana minyoo ya mizizi na mnyauko hukaa ardhini vikizingoja.

Upande wa dawa, kamati yenu imesema kweli tupu. Jiwe la matumbawe lina nyufa na mapango. Alilolimwaga mtu juu ya tuta jioni, mvua ikinyesha usiku, haliko mbali na maji ya kisima wala na mizizi ya mikoko. Na dawa zinazouzwa sana madukani, zile za jamii ya pairethroidi, ni sumu kali mno kwa samaki, kaa na kamba hata kwa kiwango kidogo. Kwenye ghuba yenu ndiko kuliko na mikoko mingi kuliko kwengine kote Unguja, na samaki wengi tunaowala huanzia maisha yao humo. Mbolea ya chumvichumvi nayo ni vivyo hivyo: kinachobaki bila kuliwa na mmea huteremka ghubani. Acheni ukanda wa miti na vichaka baina ya tuta la mwisho na mikoko. Mimi ningeacha hatua arubaini. Ukanda huo utachuja maji yanayoteremka, na utakukingeni na upepo wa chumvi unaopiga majani.

Wadudu mtapambana nao kwa mkono na mwarobaini. Kokwa kavu gramu 500 zitwangwe, ziloweke usiku kucha katika lita 10 za maji, zichujwe, mtie sabuni ya kipande kidogo ili dawa igande kwenye jani, mpige jioni kwa sababu jua huivunja nguvu. Rudieni kila wiki. Kantangaze, yule anayechimba majani ya tungule na kutoboa matunda, hamtamaliza kwa mwarobaini peke yake. Chumeni kila jani lenye michoro na kila tunda lenye tundu, mlitie ndani ya mfuko wa plastiki, mfunge, mwache juani siku kadhaa. Tunda bovu likibaki chini ya mmea ni kitalu cha wadudu wa wiki ijayo. Nzi wa maboga naye ni hivyo hivyo, na tango changa mlivishe mfuko wa karatasi.

Kuhusu kima, naomba kwanza tuwe waadilifu. Mna kima wa aina mbili huko. Kima punju, yule mwekundu mwenye nywele nyeupe zilizosimama kichwani, hula majani, maua na matunda mabichi. Tumbo lake halipatani na matunda matamu yaliyoiva. Nadhani aliyekula tungule zenu ni yule mwengine, kima wa kijivu. Nalisema hili kwa sababu punju hana kwao duniani ila visiwa hivi, na lawama ya mwenzake huweza kumuua. Hata kwenye minazi kusini ya msitu wa Jozani, ambako watu walilalamika kwamba punju wanamaliza vidaka, yaani nazi changa, watafiti miaka ya 1990 walihesabu na kukuta minazi waliyokuwa wakiila zaidi haikuwa na mavuno madogo. Ilielekea hata kuzidi, kama mti uliopunguzwa vidaka.

Kwa hivyo msitege wala msitie sumu, na ukuta wa mawe hautamzuia. Pangeni mazao. Mstari ulio karibu na msitu uwe pilipili kali, mronge na gilirisidia, vitu asivyovitamani. Tungule, maboga na mahindi yakae upande wa kijijini, mahali penye watu. Acheni uwanja mtupu wa hatua kumi na tano baina ya mti wa mwisho na tuta la kwanza, maana kima hapendi kuvuka pahala wazi. Na wekeni zamu ya mlinzi kuanzia alfajiri mpaka saa tatu, kisha alasiri. Mlinzi mwenye debe anatosha.

Kabla ya kupanda chochote, kamilisheni karatasi. Ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma tangu baada ya Mapinduzi. Mlichopewa nyinyi ni ruhusa ya kutumia, na ruhusa ya mdomo huondoka na aliyeitoa. Sheria ya misitu, namba 10 ya 1996, inaruhusu jamii kusimamia msitu kwa makubaliano na idara inayohusika, na makubaliano hayo huwa na ramani inayotenga sehemu ya hifadhi na sehemu ya matumizi. Ombeni muione ramani hiyo, mhakikishe eka yenu imo katika sehemu ya matumizi, kisha barua iandikwe yenye majina ya kikundi, mipaka, masharti na muda usiopungua miaka mitano. Mtu haijengi mboji ya miaka mitano kwenye ardhi ya msimu mmoja. Sheha, kamati na nyinyi kila mmoja abaki na nakala.

Nimemweka bibi mwisho, na ndiye ningependa mumsikilize zaidi ya fundi na zaidi yangu. Anasema kweli. Wazee walipanda hapo kunde, mbaazi, fiwi, choroko, muhogo na boga, kwa mvua ya vuli na ya masika, na walipomaliza kuvuna waliiacha ardhi. Hayo ndiyo mazao yasiyotaka ndoo niliyoahidi kuyataja. Eka iliyobaki nje ya matuta yenu ifanyeni hivyo hivyo, bila moto: mbaazi na fiwi baina ya mawe, kunde zikitambaa chini, mabaki yote yakirudi kwenye chungu cha mboji. Muulizeni kama yeye au shoga zake wana mbegu za zamani za fiwi na kunde ndani ya chupa. Zilizokulia kwenye jiwe hilo kwa miaka mingi zinalijua kuliko za pakiti. Halafu, kabla mtu yeyote hajashika mtaimbo, mtembee naye shamba zima mara baada ya mvua, mkiwa na vijiti mikononi. Yeye atakuonyesheni mashimo yanayobaki na unyevu siku ya kumi baada ya mvua, na yale yanayokauka siku ya pili. Kila penye unyevu chomekeni kijiti, mpige hesabu ya vijiti, mniandikie idadi yake pamoja na namba za kisima za bamvua na maji mafu. Hapo nitaweza kukuchoreeni matuta manane yakae wapi.